Mtoto Aliyepanda Kabati

Mwalimu Hatua alikuwa na kapu na kengele, na kati ya vitu hivyo viwili wanafunzi wake walizaliwa, wakakua, wakazeeka, kisha wakarudi kuwa watu wazima wenye njaa ya chakula cha mchana.

Kapu lilikuwa dogo, la ukili, na ndani yake mlijaa vikaratasi vilivyokunjwa. Kila kikaratasi kiliandikwa umri. Siku ya zoezi la kufundisha, wanafunzi wa seminari walipita mmoja mmoja, wakatumbukiza mkono, kila mtu akachota umri wake na kuuvaa. Aliyepata miaka minne alikaa sakafuni na kuuliza "kwa nini" kwa kila neno. Aliyepata miaka arobaini aliingia amechelewa, akilalamikia kazi. Mmoja tu hakuchota, yule ambaye zamu yake ya kufundisha ilikuwa imefika. Huyo alisimama mbele na umri wake mwenyewe, na ndiye aliyekuwa na taabu kuliko wote.

Sheria ilikuwa moja: hakuna kutoka kwenye umri wako kabla kengele haijalia. Mwalimu aliishika sheria hiyo kama mlinzi wa geti anavyoshika funguo. Muhula uliopita ndugu mmoja alichota miaka miwili, Mwalimu akaitwa mahali akasahau, na ndugu yule, mtu mwenye mke na watoto wake, alinyweshwa chai kwa kijiko na wenzake mpaka kengele ilipokumbukwa. Hakuna aliyemwonea huruma. Wengine walimfuta mdomo.

Kwenye ratiba somo hilo liliitwa Malezi ya Kikristo Tangu Utoto Hadi Uzee, lakini wanafunzi waliliita Hatua, na mwalimu wao wakamwita jina hilo hilo, kwa sababu hakuna sentensi yake iliyofika mwisho bila kupitia hapo. Mtoto ana hatua yake, kijana ana yake, bibi kizee ana yake. Kila hatua ina mlango, na mwalimu wa kanisa asiyeujua mlango huishia kuingilia dirishani kama mwizi.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mnong'ono.

Jina hilo alipewa na Kinyozi, kijana mwembamba aliyekuwa ananyoa watu kabla ya kuitwa na Mungu, na ambaye hata baada ya kuitwa aliendelea kuwanyoa wenzake chini ya ngazi za bweni, akiwapa habari za chuo na majina ya utani bila malipo. Jina lilimkaa msichana yule kama nguo ya kushonewa. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti ndogo. Alipoombwa kusali kabla ya chakula, watu wa upande wa pili wa meza walijua amemaliza walipoona ameshika kijiko.

Alikuwa amekwisha kufundisha mara moja na kushindwa. Wenzake walikuwa watoto siku hiyo, watoto wakafanya fujo, naye akasimama ameshika picha ya mwanakondoo kifuani mpaka kengele ikalia. Mwalimu Hatua aliandika: Mwalimu alipotea akiwa amesimama. Hii ya leo ilikuwa nafasi ya pili, na ya tatu haikuwepo. Akianguka tena, angeondolewa kwenye kozi ya walimu wa kanisa na kupelekwa ofisi kuu kupiga chapa barua za wakubwa.

Huko ofisi kuu alikuwepo shangazi yake, mhazili wa miaka mingi, na shangazi alikwisha kumwekea kiti. Kilikuwa kiti kizuri chenye magurudumu, karibu na dirisha. Kila jioni alimpigia simu kumsifia kiti hicho. "Kinazunguka, mwanangu," alikuwa akisema, kana kwamba hicho ndicho kitu msichana alichokosa maishani.

Mnong'ono hakutaka kuzunguka. Alitaka watoto wa Shule ya Jumapili, hasa wale wanaojificha. Alipokuwa mdogo naye alijificha nyuma ya mlango wa kanisa, na mwalimu wa watoto wa siku hizo hakumvuta mkono wala hakumbembeleza. Alikuja akajibana nyuma ya mlango ule ule, akamsimulia kisa chote wakiwa humo gizani. Tangu siku hiyo alijua kazi anayoitaka. Tatizo lilikuwa kwamba kazi yenyewe ilionekana kutaka watu wenye mapafu.

Jioni ya kuamkia zoezi, wakati wenzake wanaosha vyombo naye akiwa chumbani akinong'oneza ukuta somo lake, kulifanyika mkutano wa siri jikoni. Aliuitisha Afande. Huyu alikuwa polisi mstaafu, mtu mwenye mwili kama geti la shule, aliyeingia seminari baada ya kuvua sare, na hakuna aliyewahi kumwona akiogopa kitu. Alisema wazi kwamba binti wa watu hawezi kupelekwa kwenye kiti cha kuzunguka kwa sababu ya fujo za wazee wazima. Kesho darasa litulie. Atakayekohoa, atamkamata. Mkunga, mama mwenye uzoefu wa kuzalisha nusu ya mji aliotoka, aliafiki mara moja. Kinyozi aliafiki shingo upande, maana alikuwa amekwisha kujiandalia kilio kizuri sana.

Asubuhi kapu likazungushwa. Zoezi la siku hiyo lilikuwa gumu kuliko yote: somo moja kwa rika zote, kama familia iliyokaa pamoja sebuleni. Afande alichota miaka sita. Mkunga alichota miaka kumi na mitano. Kinyozi, ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinatafuta njia, alichota miaka themanini. Wengine waliosalia wakagawana wajomba, mama wadogo na mapacha wa miaka mitatu.

Mwalimu Hatua alikaa nyuma kabisa na chupa yake ya chai. Chai hiyo haikuwa na sukari, kwa amri ya mke wake, muuguzi wa chuo, ambaye alikuwa amempiga marufuku sukari, soda, keki na kila kitu chenye furaha ndani yake. Chuo kizima kilijua. Mwalimu alitoa miwani yake kwenye leso, kwa kuwa mkoba wa miwani ulimpotea wiki zile na alikuwa amekwisha kuwauliza wote kama wameuona, akaivaa, akaweka kengele mezani, akatikisa kichwa kwamba waanze.

Mnong'ono akasalimia. Darasa likaitikia kwa adabu, kwa sauti moja. Akawaambia wakae vizuri. Walikuwa wamekaa vizuri. Afande alikaa sakafuni amekunja mikono kifuani, macho mbele, kama yuko gwarideni. Mkunga alitabasamu kama picha ya kitambulisho. Babu Kinyozi alishika mkongojo wa fimbo ya ufagio na hakusema lolote, jambo ambalo Kinyozi hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

Mwalimu Hatua aliwavumilia kidogo. Kisha akauliza kutoka nyuma, bila ukali:

"Huyu mwenye miaka sita amekufa lini?"

Akainuka akaja mpaka mbele, akawazunguka kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Akasema kwamba amefundisha watoto tangu meno yake yote yakiwepo, na familia iliyotulia namna hiyo hajawahi kuiona isipokuwa msibani. Hatoi maksi kwa mtu anayefundisha maiti. Ama wafufuke, ama aandike sifuri aende zake.

Macho yote yakamgeukia Mnong'ono. Ndipo alipoelewa kwamba walikuwa wamempangia wema, na kwamba wema huo ulikuwa unamsukuma taratibu, kwa magurudumu, kuelekea dirishani kwa shangazi. Akainama kwa Afande.

"Naomba uwe mtoto," akasema.

"Una hakika, binti?" Afande akanong'ona pembeni ya mdomo.

"Nina hakika."

Afande alivuta pumzi, akafumba macho kama anayejitupa mtoni, akapiga yowe la kutaka pipi lililotikisa vioo.

Baada ya hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Mapacha wa miaka mitatu waligombania mwanafunzi mmoja, karani wa kanisa, aliyekuwa anajifanya mwanasesere. Babu Kinyozi aliachiwa mdomo, akaanza kueleza kwamba enzi zao watoto walizaliwa wanajua kusoma, kisha akalala katikati ya neno, akakoroma, akaamka na kuuliza nani amefariki. Mkunga aliegemea ukuta, akatafuna ubani usiokuwepo, akatazama kucha zake. Alikuwa na binti wa umri ule ule nyumbani, na kazi yake ilikuwa kamilifu. Kila alichoulizwa alijibu neno moja tu, "Kwani?", na kila "Kwani?" ilitoka na uchovu mpya.

Mnong'ono aliiona ile picha ya mwanakondoo ikimrudia kichwani. Lakini safari hii alikuwa hana picha mkononi, hakuwa na pa kujificha, basi akaanza kusimulia tu.

Alisimulia habari za mtoza ushuru mfupi, tajiri, asiyependwa na mtu, aliyetaka kumwona Bwana akipita mjini na watu wakamzibia kwa makusudi. Alikuwa amekitafutia kisa hicho milango. Kwa mtoto kulikuwa na mti wa kupanda. Kwa kijana kulikuwa na ile aibu ya kutazamwa na mji mzima. Kwa babu kulikuwa na deni la moyoni, maana mtu yule alisema alichomnyang'anya mtu atarudisha mara nne. Sauti yake haikupanda hata kidogo, ila mtoto mmoja pacha alitaka kusikia kama yule mfupi alianguka, akamnyamazisha mwenzake, na mjomba mmoja akamnyamazisha babu.

Alipofika penye mti, akauliza nani atakuwa yule mtu mfupi.

Mikono ikainuka yote, na wa Afande ukawa juu kuliko mingine, kwa sababu ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote. Alibembeleza, akalia, akagaragara. Mnong'ono akampa. Alikuwa ameandaa kiti kiwe mti, akamwonyesha.

"Hicho si mti," Afande akasema kwa sauti ya miaka sita. "Hicho ni kiti."

Wakati huo simu ya Mwalimu ikatetemeka. Mkuu wa chuo alikuwa anamtaka ofisini. Mwalimu akachukua kengele yake, akaitia mfukoni, akawaambia waendelee, kila mtu abaki na umri wake. Hakuna aliyethubutu kuuvua hata baada ya mlango kufungwa, kwa sababu Mwalimu Hatua alivaa viatu vya soli ya mpira, na watu waliapa kwamba amewahi kuwatokea kutoka ukutani.

Mnong'ono alipogeuka, mti ulikuwa umekwisha kupatikana. Afande alikuwa juu ya meza, na kutoka mezani alikuwa anajivuta juu ya kabati la vitabu vya nyimbo, kabati la mbao lililopita mlango kwa urefu. Darasa likashangilia. Alifika, akageuka, akakaa na magoti yake kidevuni na kichwa kimegusa dari. Vumbi la miaka likamshukia Babu Kinyozi. Afande akavua kofia yake, akaipunga kwa umati, akaiweka kando, kisha akatazama chini.

Akaacha kupunga.

"Basi mfupi akiwa juu ya mti," Mnong'ono akaendelea, "akasikia anaitwa ashuke upesi."

"Sishuki," akasema Afande.

Watu wakacheka. Mtoto mkaidi. Mkunga akasema "Kwani?" na watu wakacheka tena. Mnong'ono akaita mara ya pili, Afande akakataa mara ya pili, na sauti ilikuwa ile ile ya kitoto, nyembamba, ya kuchekesha. Lakini Mnong'ono alikuwa amesimama karibu, chini yake kabisa, akaona vidole. Vilikuwa vimekamata ukingo wa kabati mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akaona jasho likitiririka kutoka sikioni hadi kwenye ukosi wa shati. Woga ni kama ndugu, humjua mwenzake hata akivaa kofia ya polisi, na Mnong'ono alikuwa ameishi na wa kwake tangu nyuma ya mlango ule.

Akasogea mpaka mdomo wake ukawa karibu na goti la mtu yule.

"Unaogopa?" akauliza, kwa namna ambayo hata Babu Kinyozi, aliyekuwa na masikio ya kazi, hakusikia.

Afande alitazama dari. Alitazama chini, akafumba macho haraka.

"Mimi nina miaka sita," akasema. "Naogopa."

Mnong'ono angeweza kuwaambia. Mtu angekwenda kuleta ngazi kwa fundi wa chuo, wangemshusha mbele ya watu wote kama gunia, na Afande angekuwa kicheko cha chini ya ngazi za bweni mpaka siku ya kuhitimu. Akageuka kwa darasa. Akasema kwamba sasa wamefika mahali penyewe pa kisa, na familia nzima inatakiwa. Babu aje ashike meza, kwa kuwa babu ndiye aliyejenga nyumba. Dada mkubwa aje ashike mguu wa mdogo wake.

"Kwani lazima?" akauliza Mkunga, lakini akaja, na alipoushika mguu ule akautambua mtetemeko wake kama mkunga anavyotambua mambo. Akamtazama Mnong'ono, akaacha kutafuna.

"Leo tunakula kwako," Mnong'ono akamwambia mtoto wa juu ya kabati. "Lakini hatuli kwa mtu mwenye vitu vya watu nyumbani. Ukitaja kimoja, unashusha mguu mmoja. Una nini cha watu?"

Kwa macho yaliyofumbwa Afande akasema ana sabuni ya Babu.

Babu Kinyozi, miaka themanini, akasahau mgongo wake na kunyooka wima. "Ile ya maji?"

"Ile ya maji."

"Utarudisha mara ngapi?" akauliza Mnong'ono.

"Mara nne." Mguu wa kwanza ukashuka, Mkunga akaupokea na kuutua polepole penye rafu ya katikati.

Alikuwa pia na kalamu ya dada mkubwa, ile nyekundu. Akawa na mwavuli ambao kila mtu aliamini umepotea na upepo. Akakiri kwamba mtu aliyemaliza sukari ya jikoni Jumapili ile siye paka. Kila aliposema alishuka kidogo, na kila aliposhuka darasa liliguna, watu wakisahau kucheka kwa kuwa kila mmoja alikuwa anakumbuka kitu kilichompotea. Mnong'ono hakupandisha sauti. Aliuliza tu, na kingine, na kingine, mkono wake ukiwa umewekwa juu ya kiatu cha mtu yule kama mtu anayetuliza ndama.

"Na biskuti zangu?" Babu Kinyozi akadai. "Pakiti niliyoacha kwenye dawati. Sema na hiyo."

Afande alifumbua jicho moja, akatazama kitu kando ya kiuno chake huko juu, karibu na kofia, akakitazama kwa muda.

"Biskuti si mimi," akasema.

Mtu akakohoa mlangoni. Mwalimu Hatua alikuwa amerudi kwa miguu yake ya paka, na haikujulikana amesimama pale tangu lini. Alichokiona ni polisi mstaafu ananing'inia kwenye kabati la vitabu vya nyimbo, mwanamke wa makamo amemkumbatia miguu, na mzee wa miaka themanini amepanda juu ya kiti akidai biskuti. Afande akamalizia hatua ya mwisho, akafika sakafuni, akakaa papo hapo akiegemea meza.

Mwalimu alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kusemwa na mkuu wake na sasa amepata pa kupeleka hasira. Akaenda moja kwa moja kwenye tathmini. Akasema ameona mtoto juu ya kabati, na mwalimu wa watoto hufundisha yote lakini kwanza huwarudisha nyumbani wazima. Hapo mtu hufeli hata kama kisa chake ni kitamu. Akamuuliza Mnong'ono kwa nini mtoto alipanda, na kwa nini kumshusha kumekula nusu ya kipindi.

Jibu lilikuwa mdomoni. Neno moja tu la kweli na kiti cha shangazi kingepata mtu mwingine: hakuwa anaigiza, Mwalimu, aliogopa, nami nimemshusha. Mnong'ono alimtazama Afande. Afande alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilimwachia achague mti, na mti wenyewe sikuukagua," akasema. "Hilo ni kosa langu."

"Na kuchelewa?"

"Mti ulikuwa mrefu, Mwalimu."

Mwalimu akafungua kalamu. Mkunga akafungua mdomo, Mnong'ono akamkanya kwa macho. Ndipo kidole kimoja kikubwa kikainuka kutoka sakafuni, kama cha mtoto anayeomba kwenda chooni.

"Mwalimu," akasema Afande kwa sauti ile nyembamba. "Kengele haijalia."

Mwalimu Hatua akajipapasa mfukoni. Kengele ilikuwamo, imelala.

"Kwa hiyo mimi bado nina miaka sita," Afande akasema. "Nina neno."

Sheria ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe, na nyingine pia ilikuwa yake, ile ya wiki ya kwanza, kwamba mtoto huongelewa usawa wa macho yake. Wote waliikumbuka kwa wakati mmoja. Mwalimu akawatazama, akaona wanangoja. Akaweka kalamu mezani, akashika kiuno, akachutama mbele ya polisi mstaafu, magoti yakilia kama kuni mbichi motoni.

"Sema, mwanangu."

"Nilipofika juu niliogopa. Nikashindwa kushuka. Wengine walicheka, mwalimu wangu hakucheka. Alijua."

Mwalimu alimchungulia usoni. "Uliogopa kweli ya mchezo, au kweli yenyewe?"

"Mimi ni mtoto, Mwalimu," Afande akasema. "Sijui tofauti."

Kinyozi alicheka kwanza, kisha wote, na kicheko hicho kilimfunika Afande kama blanketi. Mwalimu Hatua peke yake hakucheka. Aliutazama ule ukosi uliolowa, akatazama mkono wa Mkunga uliokuwa bado umekamata mguu wa suruali, akainua macho kwa Mnong'ono.

"Na wewe, nilipokuuliza, mbona hukusema?"

Mnong'ono alifikiri. "Aliniambia mimi peke yangu," akasema.

Mwalimu akainuka kwa awamu tatu. Akaandika kwa muda, akasoma kwa sauti kama ilivyo desturi yake: maksi za kabati amekata, na atakayepanda tena kabati atalipa vumbi kwa kulifuta. Kisha akasoma mstari wa mwisho. Sauti ni ile ile. Imetosha. Amefaulu.

Akapiga kengele.

Watu wazima wakarudi kwa kishindo. Afande akasimama, akajikung'uta, sauti yake nzito ikarudi kifuani, akauliza kama wameona usanii au hawakuona, akaongeza kwamba polisi ingemlea vizuri angekuwa mwigizaji. Wakampigia makofi. Mkunga alitoka nje akapiga simu, akasikika akimwambia mtu, kwa upole ambao haukuwa wa siku zote, kwamba hapana, hakuna tatizo, alitaka tu kumsikia. Inaelekea upande wa pili walijibu "Kwani?", kwa sababu alicheka mwenyewe.

"Afande," akasema Mwalimu Hatua, "kofia yako imebaki mtini."

Wote wakatazama juu. Kofia ilikuwa pale ukingoni. Afande akasafisha koo. Akaanza kueleza habari ya uzito wake na umri wa kabati, lakini Mnong'ono alikuwa amekwisha kuvua viatu na kupanda mezani.

Aliifikia kofia. Kando yake, penye alama aliyoiacha Afande katika vumbi, kulikuwa na pakiti ya biskuti, tupu, imekunjwa vizuri kama kazi ya mtu nadhifu. Na juu ya pakiti, ili isiruke, mtu alikuwa ameweka uzito: mkoba wa miwani, wa ngozi ya kahawia.

Mnong'ono alitazama chini. Kutoka pale aliwaona wote kwa mara ya kwanza kutoka juu, vipara na vilemba na njia za nywele alizochonga Kinyozi. Mwalimu Hatua alikuwa anapanga vikaratasi vya kapu kwa bidii ya ajabu, na shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Kuna nini huko?" akauliza Kinyozi.

"Vumbi," akasema Mnong'ono. Akashuka na kofia mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni.

Alimfikia Mwalimu kwenye korido, akampa mkoba wake. Mwalimu aliugeuza huku na huku kama hajawahi kuuona.

"Ulikuwa wapi?"

"Mtini, Mwalimu."

Mwalimu alitaka kusema kitu kuhusu hatua. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha akatia miwani kwenye mkoba, akaufunga, akaenda zake bila kusikika.

Jioni shangazi alipopiga, Mnong'ono alimwambia kile kiti ampe mtu mwingine. Shangazi akauliza kama ana hakika, akasikia kwamba ana hakika, akashusha pumzi.

"Basi nitakikalia mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nakitamani tangu kilipoletwa."

Asubuhi iliyofuata Kinyozi alifungua dawati lake, akakuta biskuti. Alizitoa akazipanga mezani, akahesabu, akahesabu tena. Zilikuwa pakiti nne. Alimgeukia Afande, ambaye aliapa kwa sare yake ya zamani kwamba yeye alipeleka sabuni tu. Akamgeukia Mkunga. Akamgeukia karani wa kanisa. Mwisho akamgeukia Mnong'ono, aliyekuwa anafuta juu ya kabati kwa kitambaa chenye maji, na kumuuliza kama anajua lolote.

Mnong'ono alijibu, lakini kama kawaida yake, hakuna aliyesikia.